Kifungu na tarehe yake: Elisabeth Selbert na usawa katika katiba ya Ujerumani, 1948–1949

Kisa hiki kinahusu majuma saba, kuanzia tarehe 30 Novemba 1948 hadi 18 Januari 1949. Katika muda huo sentensi moja fupi, isemayo wanaume na wanawake wana haki sawa, ilikataliwa mara mbili na wajumbe waliokuwa wakiandika katiba ya Ujerumani Magharibi mjini Bonn, kisha ikapita bila kura hata moja ya kupinga. Aliyeipigania ni wakili Elisabeth Selbert wa SPD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia. Wanaotajwa kwa majina hapa ni wale walioshika nyadhifa za umma. Raia wa kawaida walioandika barua na walalamikaji wa kesi zilizofuata wameachwa bila utambulisho.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa hotuba kali na makapu ya barua. Hotuba ilikuwepo, na barua zilikuja. Ila ukifuata mswada hatua kwa hatua, unakuta kwamba kilichobadilisha mambo baadaye ni ibara nyingine isiyotajwa sana, ile iliyoweka tarehe ya mwisho. Uchambuzi huu unaegemea huko.

Usuli: mwanamke mwenyewe

Selbert alizaliwa Kassel tarehe 22 Septemba 1896, binti wa pili kati ya mabinti wanne wa mlinzi wa gereza. Nyumbani hapakuwa na fedha za kumfikisha chuo kikuu. Alifanya kazi ya ukarani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akahudumu katika ofisi ya simu za posta. Mwishoni mwa mwaka 1918 alijiunga na SPD, majira yaleyale wanawake wa Ujerumani walipopewa haki ya kupiga kura, na mwaka 1919 akaingia katika baraza la Niederzwehren, kitongoji kilicho pembeni ya Kassel.

Aliolewa mwaka 1920 na mpiga chapa Adam Selbert, wakapata wavulana wawili. Watoto wakiwa bado wadogo, alisoma peke yake hadi akapita mtihani wa kuingia chuo kikuu katikati ya miaka ya 1920 kama mtahiniwa wa nje. Akasoma sheria Marburg na Göttingen. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1930 ilitetea hoja kwamba talaka itolewe kwa sababu ndoa imevunjika, bila kumtafuta mwenye kosa. Hoja hiyo itarudi mbele.

Mwaka 1933 Wanazi walimwondoa mumewe kazini na kumfungia kwa muda katika kambi ya Breitenau. Elisabeth akawa ndiye tegemeo la nyumba. Alipata kibali cha uwakili Desemba 1934, siku chache tu kabla ya sheria iliyowafungia wanawake mlango wa taaluma hiyo. Kwa hiyo alipofika Bonn alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya mashauri ya ndoa, talaka na mali mezani kwake. Hili lina uzito katika kisa chote, kwa sababu alijua sheria ya familia inavyomwangukia mtu mahakamani, na alijua ni kifungu gani hasa kinachomwangusha.

Usuli: sheria iliyokuwepo

Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, maarufu kwa kifupi BGB, ilipitishwa mwaka 1896 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1900. Mwaka 1948 sehemu yake ya ndoa ilikuwa bado hai. Kifungu cha 1354 kilimpa mume uamuzi katika mambo yote ya pamoja ya maisha ya ndoa, hasa mahali pa kuishi. Kifungu cha 1356 kilimkabidhi mke uendeshaji wa nyumba. Kifungu cha 1363 kiliweka mali aliyokuja nayo mke chini ya usimamizi wa mume, na mume akala faida yake. Mshahara wa mke mwenyewe ulikuwa wake, lakini hata huo ulikuwa na mlango wa nyuma: kwa kifungu cha 1358, mke akiajiriwa bila ridhaa ya mumewe, mume aliweza kwenda kwenye mahakama ya ulezi, akapewa idhini, na kuuvunja mkataba wa kazi wa mkewe. Juu ya watoto, mamlaka yalikuwa ya baba.

Je, katiba ya Weimar ya mwaka 1919, ile ya jamhuri iliyotangulia utawala wa Wanazi, haikuwa imetangaza usawa? Ilitangaza, lakini kwa maneno yaliyopimwa. Ibara ya 109 ilisema wanaume na wanawake wana, kimsingi, haki na wajibu uleule wa kiraia. Kuna vizuizi viwili hapo. Neno "kimsingi" linaacha nafasi ya tofauti, na "haki na wajibu wa kiraia" zinahusu kura, nyadhifa na uhusiano wa raia na dola. Ndoa, mali na malezi vilibaki nje ya uzio. Ndiyo maana katika miaka yote ya jamhuri ya Weimar mwanamke aliweza kuwa mbunge wa taifa huku mumewe akiwa na haki ya kumwamulia waishi wapi.

Usuli: meza ya Bonn

Baraza lililoandika katiba lilianza kazi tarehe 1 Septemba 1948. Lilikuwa na wajumbe 65 wenye kura, waliochaguliwa na mabunge ya majimbo ya kanda tatu za magharibi zilizokuwa chini ya Marekani, Uingereza na Ufaransa. Wanaume walikuwa 61 na wanawake 4: Selbert na Friederike Nadig wa SPD, Helene Weber wa CDU, chama cha Wakristo wahafidhina, na Helene Wessel wa Zentrum, chama cha Kikatoliki. Vyama vikubwa viwili, CDU pamoja na chama ndugu chake cha Bavaria, CSU, kwa upande mmoja na SPD kwa upande wa pili, vilikuwa na viti 27 kila kimoja, na vyama vidogo viligawana vilivyosalia. Rais wa baraza alikuwa Konrad Adenauer.

SPD ya jimbo lake la Hesse haikumtuma Selbert. Alipata kiti kupitia jimbo la Niedersachsen, kwa msaada wa uongozi wa kitaifa wa chama. Na hakuja kwa ajili ya suala la wanawake. Alipangiwa kamati ya mahakama ya katiba na utoaji haki, na huko ndiko alikotarajia kufanya kazi yake kubwa. Suala la usawa alilichukulia kuwa limekwisha, jambo la kuandikwa tu.

Mfuatano wa matukio

Rasimu ya kwanza ilirudisha maneno ya Weimar karibu yalivyokuwa. Selbert akaandika badala yake sentensi isiyo na neno la ziada: wanaume na wanawake wana haki sawa. Yeye hakuwa mjumbe wa Kamati ya Misingi, iliyoandaa haki za msingi, kwa hiyo huko hoja ilibebwa na Nadig. Tarehe 30 Novemba 1948 kamati iliikataa.

Tarehe 3 Desemba suala likafika Kamati Kuu, yenye wajumbe 21 chini ya uenyekiti wa Carlo Schmid. Sasa Selbert alisimama mwenyewe. Aliwaambia wajumbe kwamba hakuwahi kuwaza hoja hiyo ingekataliwa, kwamba mwanamke aliyesimama juu ya kifusi na kushika kazi ya mwanamume wakati wa vita anastahili kuhesabiwa sawa naye, na kwamba ikikataliwa tena, wanawake wenye sauti nchini kote watajitokeza hadharani kiasi cha kuhatarisha kupitishwa kwa katiba yenyewe. Kura zikapigwa: 11 zikapinga, 9 zikaunga mkono.

Upande wa pili nao ulikuwa na maandishi yake. Maneno yaliyopendekezwa yalisema watu wote ni sawa mbele ya sheria, ila sheria inaweza kuvishughulikia vitu tofauti kulingana na asili yake. Wakili yeyote anaona mara moja kinachofuata: mtunga sheria akisema uke na uume ni tofauti ya asili, BGB nzima inasimama kama ilivyo.

Baada ya tarehe 3 Desemba Selbert alitoka nje ya ukumbi. Alizungumza katika mkutano mmoja baada ya mwingine na kutumia redio. Kilichofuata kilikuwa barua na matamko kwa baraza kutoka kwa jumuiya za wanawake, kamati za wanawake za vyama vya wafanyakazi, wanawake wabunge wa majimbo, na wakazi wa manispaa ndogo. Tamko moja lilitumwa kwa niaba ya wafanyakazi wanawake 40,000 wa viwanda vya chuma.

Tarehe 18 Januari 1949 Kamati Kuu ilikutana tena juu ya kifungu hicho. Kilipita kwa kauli moja. Theodor Heuss wa FDP, chama cha kiliberali, ambaye miezi minane baadaye alikuwa rais wa shirikisho, aliwaambia wajumbe kwamba hicho kidhoruba cha nje hakikuwatikisa, kwa kuwa tangu mwanzo nia yao ilikuwa hiyohiyo. Hesabu ya tarehe 3 Desemba, 11 kwa 9, inatosha kuijibu kauli hiyo.

Katiba, iliyoitwa Sheria ya Msingi, ilipitishwa na baraza tarehe 8 Mei 1949 kwa kura 53 dhidi ya 12, na kutangazwa tarehe 23 Mei. Sentensi ya Selbert ni Ibara ya 3, ibara ndogo ya 2.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoongeza chochote. Washirika wake wenyewe waliona hatari katika ufupi huo. Hata Nadig mwanzoni alisita, akihofia kwamba sheria ya familia itaporomoka kwa siku moja na mahakama zibaki bila kitu cha kushika. Selbert alishikilia kwa sababu ya uzoefu wa Weimar: kila neno la kufafanua usawa lingekuwa baadaye ndoano ya kuuning'inizia ubaguzi. Sentensi isiyo na sifa wala mipaka humlazimisha anayetaka tofauti kuja na sababu.

Uamuzi wa pili ndio uliookoa ule wa kwanza. Mwanasheria Thomas Dehler wa FDP alitoa pingamizi zito kuliko yote: sentensi hii ikipita, BGB itakuwa kinyume cha katiba. Alikuwa sahihi kabisa. Selbert hakubishana naye juu ya hilo. Alikubali kwamba hayo ndiyo matokeo, kisha akalijibu tatizo la muda. Jibu hilo limeandikwa katika Ibara ya 117: sheria inayopingana na Ibara ya 3 ibara ndogo ya 2 itaendelea kutumika hadi itakaporekebishwa, lakini si zaidi ya tarehe 31 Machi 1953.

Tazama jinsi tarehe hiyo ilivyokaa. Bunge la kwanza la shirikisho lilichaguliwa Agosti 1949 kwa miaka minne. Tarehe 31 Machi 1953 ilianguka ndani ya muhula wake, miezi michache kabla ya uchaguzi uliofuata. Hivyo kazi ilikuwa ya bunge hilohilo, na halikuweza kuisukuma kwa warithi wake. Pia kipindi kilikuwa kirefu cha kutosha kuandika upya sheria ya familia kwa utulivu, kwa hiyo hofu ya vurugu za kisheria ilikosa miguu. Na kwa kuwa tarehe iliandikwa ndani ya katiba, kuisogeza kulihitaji theluthi mbili za kura.

Uamuzi wa tatu, wa kutoka nje ya kamati, ulikuwa na hesabu yake. Ndani ya ukumbi alihitaji kugeuza kura chache tu, na alijua wajumbe wangerudi kwa wapiga kura ambao wengi wao ni wanawake, kwa kuwa vita vilikuwa vimeua wanaume kwa mamilioni. Ndiyo sababu onyo lake la tarehe 3 Desemba lilikuwa na uzito: lilitaja gharama ambayo kila mwanasiasa aliyekaa pale aliweza kuipiga hesabu mwenyewe.

Matokeo

Bunge halikumaliza kazi. Waziri wa sheria wa serikali ya kwanza ya Adenauer, aliyekuwa sasa kansela, alikuwa Dehler, yuleyule aliyetoa pingamizi. Alimpa jaji Maria Hagemeyer kazi ya kupitia BGB na kuandika mapendekezo, kazi iliyofanywa kwa umakini mkubwa. Lakini mswada wa serikali ulitaka kubakiza neno la mwisho la mume, makanisa na CDU wakalishikilia, na mjadala ukakwama. Jaribio la kuongeza muda halikupata kura za kutosha. Tarehe 31 Machi 1953 ikafika pasipo sheria mpya.

Hapo ndipo Ibara ya 117 ilipoonyesha kazi yake. Tangu tarehe 1 Aprili 1953 vifungu vya BGB vilivyopingana na usawa vilikufa vyenyewe. Majaji wa kawaida, katika kesi za talaka, mali na watoto, walilazimika kuamua kwa kusoma katiba moja kwa moja. Kukawa na waliouliza kama kweli mahakama inaweza kubeba mzigo huo. Mahakama ya Katiba ya Shirikisho ilijibu tarehe 18 Desemba 1953: ndiyo, usawa ni sheria inayotumika mahakamani, na vifungu vya zamani vimekoma. Mmoja wa majaji wake alikuwa Erna Scheffler, mwanamke wa kwanza katika mahakama hiyo.

Sheria ya usawa ilipitishwa hatimaye mwaka 1957, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1958. Ilifuta kifungu cha 1354 na haki ya mume kuvunja mkataba wa kazi wa mkewe. Hata hivyo iliacha baba awe na neno la mwisho pale wazazi wanapotofautiana juu ya mtoto. Mahakama ya Katiba iliifuta sehemu hiyo tarehe 29 Julai 1959. Sharti kwamba mke afanye kazi ya nje kadiri inavyopatana na wajibu wake wa nyumbani lilidumu hadi mageuzi yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1977. Mageuzi hayohayo ndiyo yaliyoweka talaka kwa msingi wa kuvunjika kwa ndoa, miaka 47 baada ya tasnifu ya Selbert.

Mwenyewe hakufika Bunge la Shirikisho, ambako mwaka 1949 walichaguliwa wanawake 28 kati ya wabunge 410. Jina lake lilipotajwa kwa ujaji wa Mahakama ya Katiba, hakupewa kiti. Alibaki katika bunge la Hesse hadi mwaka 1958, kisha akarudi kikamilifu kwenye uwakili wa mashauri ya familia Kassel. Alifariki mjini humo tarehe 9 Juni 1986.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Wanaharakati wengi hushinda tamko na kupoteza utekelezaji. Hapa tamko na utekelezaji viliandikwa pamoja, na ni muhimu kuona utaratibu uliotumika. Ibara ya 117 iligeuza matokeo ya uvivu. Kwa kawaida bunge lisipofanya kitu, sheria ya zamani inaendelea, na kwa hiyo kila siku ya kuchelewa ni faida kwa anayependa hali ilivyo. Baada ya tarehe 31 Machi 1953, bunge lisipofanya kitu, sheria ya zamani inakufa, na kila siku ya kuchelewa inawapa majaji nafasi ya kuamua badala ya wabunge. Aliyetaka kulinda chochote cha zamani ndiye sasa aliyelazimika kuharakisha. Naamini kabisa kwamba bila tarehe hiyo Ibara ya 3 ingekaa miaka kadhaa kama ilivyokaa Ibara ya 109 ya Weimar, ikisomwa kwenye sherehe na kupuuzwa mahakamani.

Kumkubalia mpinzani hoja yake ya kweli kulisaidia pia. Angesema BGB haitaguswa, wanasheria wa pande zote wangemwona ama hajui sheria ama anaficha jambo. Alipokubali na kuleta ratiba, pingamizi likageuka kuwa suala la miaka mingapi itolewe.

Kuhusu barua, picha ya makapu yaliyojaa imetoka katika masimulizi ya baadaye, yakiwemo ya Selbert mwenyewe. Nyaraka zilizosalia ni chache kuliko picha hiyo. Hilo halipunguzi nguvu zao ukiangalia waliotia sahihi: wabunge wa majimbo kutoka vyama mbalimbali, kamati za vyama vya wafanyakazi, jumuiya zenye wanachama wanaojulikana idadi yao. Tamko moja lenye wafanyakazi 40,000 nyuma yake lina uzito kwa mwanasiasa kuliko barua mia za mtu mmojammoja. Lakini wa kwanza kutikiswa walikuwa wajumbe wanawake wenyewe. Weber wa CDU, Mkatoliki mhafidhina aliyeamini nafasi ya pekee ya mama katika familia, hakuwa mshirika wa asili wa hoja hii, na mwishoni aliiunga mkono.

Uchambuzi: kilichokwama

Ufupi wa sentensi una gharama yake. Unafuta ubaguzi ulioandikwa katika sheria, lakini haugusi moja kwa moja ule unaotokea kazini na kwenye mishahara. Nadig alijaribu kuingiza malipo sawa kwa kazi sawa katika katiba, akashindwa, na suala likaachwa litokane na tafsiri ya Ibara ya 3. Viwanda viliendelea kwa miaka kuwa na madaraja ya chini ya mishahara kwa wanawake, kwa jina jipya la "kazi nyepesi". Vilevile hoja ya Nadig kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilipata tu agizo kwa mtunga sheria katika Ibara ya 6, bila siku ya mwisho. Agizo hilo lilisubiri hadi sheria iliyopitishwa mwaka 1969. Hawa ni ndugu wawili wa ibara zilizoandikwa na watu walewale, katika ukumbi uleule. Mmoja alipewa tarehe na ukasukuma mahakama ndani ya miaka minne, mwingine hakupewa na ukangoja ishirini.

Udhaifu mwingine ni wa kimuundo. Kampeni ya Januari 1949 ilijengwa kwa haraka juu ya jambo moja, na lilipopatikana haikubaki na chombo cha kufuatilia. Mswada wa sheria ya familia ulipokwama kati ya mwaka 1952 na 1957, presha ya nje haikurudi kwa nguvu ileile. Kazi ikabebwa na wachache walioko ndani: Hagemeyer wizarani, Scheffler mahakamani, na bungeni Elisabeth Schwarzhaupt wa CDU, aliyekipinga chama chake mwenyewe juu ya neno la mwisho la baba. Mwaka 1961 Schwarzhaupt alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa shirikisho.

Mwaka 1994, baada ya muungano wa Ujerumani mbili, Ibara ya 3 ibara ndogo ya 2 iliongezewa sentensi ya pili inayoipa dola jukumu la kuhimiza usawa utekelezwe kwa vitendo na kuondoa kasoro zilizopo. Kwa maudhui inakwenda mbali kuliko ile ya Selbert, kwa kuwa inagusa maisha halisi. Haikuwekewa tarehe ya mwisho.